Mikono ya Mama juu ya Fromaji

Lushebere, Jumanne

Tena ile foto! Muuzaji mumoja wa Goma anauzisha fromaji yake kwenye soko la mtandao na foto yangu, ile nilimupiga Mama kule Bihambwe akishika fromaji yetu. Sura ya Mama ameikata. Amebakisha mikono tu.

Nilimuandikia: "Kaka, ile foto ni yangu."

Akajibu: "Dada, onesha kama ni yako."

Nikalalamika kwa wenye kusimamia lile soko. Nao wanataka foto nzima, ile ya kwanza. Ilibakia mu telefone iliyopotea siku tulikimbia vita. Mama alikufa kisha, huku kambini.

Mwizi kabisa, yule. Na leo nimeichukua kwake ile foto, nikaiweka mu telefone yangu. Njo foto moja tu ya Mama niko nayo.