Kinyozi Aenda Darasani

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na wagonjwa wako wodini hawakuchoshi sana. Mimi mzima, goti tu ndilo linanikumbusha umri.

Nina habari, kaa chini kwanza. Nimejiandikisha kuwa mlezi wa muda. Nitakaa na mtoto wa watu hapa nyumbani mpaka kwao kutengemae. Ila hawakukabidhi mtoto hivi hivi kama mfuko wa sukari. Kuna mafunzo kila Jumatano, kwa wiki saba. Tuko kumi na wawili, mwanamume ni mimi peke yangu. Jana tulijifunza kusuka nywele kwa mwanasesere. Mimi, kinyozi wa miaka thelathini, mwanasesere wangu akatoka na pembe tatu! Darasa zima lilivunjika mbavu.

Baba yako

15 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, nashukuru.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Najua tangu Mama atutoke nyumba imekuwa kubwa. Lakini tuambiane ukweli. Ulinilea kwa ukali. Nikivunja kikombe, nilijificha chini ya kitanda mpaka ulipoenda kazini. Leo wiki saba zitakubadilisha? Samaki mkunje angali mbichi, Baba, na wewe umeshakauka.

Usinikasirikie.

Binti yako

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama.

Nilikukasirikia. Barua yako niliisusa mwezi mzima. Kisha Jumatano moja mwalimu akatuuliza: "Ulipokuwa mdogo, ukiogopa ulimkimbilia nani?" Wenzangu wakataja mama, bibi, shangazi. Mimi nikakuona wewe chini ya kitanda. Nikatoka nje nikijifanya nimeingiwa na vumbi jichoni. Mwalimu akanifuata. "Mzee, hapa hatutafuti wasiokosea. Tunatafuta wanaorudi kusema samahani."

Basi nimerudi. Samahani, mwanangu. Kikombe kilikuwa kikombe tu.

Mtoto kaja juzi. Ni msichana wa miaka sita. Mama yake amelazwa, na hawana ndugu wa kumshika. Hasemi neno. Namwita Malkia, maana anaitazama nyumba yangu kama aliyekuja kuikagua.

Baba yako

4 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka mwenzangu wa zamu akauliza nani kafariki. Nikamwambia, "Hakuna. Nimeombwa radhi."

Yameisha, Baba. Malkia anakula? Analala? Nijulishe kila kitu.

Binti yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Karibu miezi miwili kimya. Simu hupokei, na hii ni barua yangu ya tatu. Kama umeshindwa, niambie. Sitasema "nilikwambia."

Binti yako

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe, aibu ilinifunga mikono.

Malkia alikuwa anaficha mkate chini ya godoro mpaka sisimizi wakahamia. Hilo nililiweza. Darasani walisema usimnyang'anye, mpe kopo lake lenye mfuniko, ajaze mwenyewe. Lakini asubuhi moja nilipokuwa naye kazini akatumbukiza mashine yangu ya kunyolea kwenye ndoo ya maji, mteja yuko nusu kichwa! Nikainua mkono. Sikumpiga. Ila mkono aliuona, akakimbilia chini ya meza.

Nikaenda kwa afisa ustawi: "Mchukueni. Binti yangu alisema kweli." Hakunilaumu. Alimpeleka Malkia siku mbili kwa mlezi mwingine, sote tupumue. Mchana huohuo fundi cherehani wa darasa letu, tunayemwita Mama Sindano, akaja na birika la chai.

"Wangu alichoma pazia la sebuleni," akasema. "Unadhani kwa nini tunaendelea kukutana Jumatano na mafunzo yalishaisha? Huyo mtoto anakupima kama utamfukuza. Ukimfukuza, umemthibitishia."

Kesho yake, hata siku mbili hazijaisha, nikamfuata mwenyewe. Nikachuchumaa mbele yake. "Samahani niliinua mkono. Twende nyumbani."

Akanitazama weee. Kisha, neno lake la kwanza: "Yule mteja je?"

"Alikwenda kumaliziwa kwa jirani, amefunika kichwa kwa gazeti."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikakaa. Tangu siku hiyo hanyamazi, mwanangu. Redio ina afadhali!

Baba yako

22 Septemba

Mwanangu,

Salamu tele. Sisi wazima, na nasema "sisi" kwa mara ya mwisho kwa sasa.

Mama yake Malkia amepona. Tangu Julai amekuwa akija kila Jumapili, kwanza saa moja, kisha mchana kutwa. Jumamosi alikuja kumchukua. Akanivuta kando. "Mzee, naogopa. Nimesahau kumlea."

"Jumatano njoo kwenye kikao chetu," nikamwambia. "Hakuna atakayekuhukumu. Mama Sindano ana kisa cha pazia."

Na jana kaja! Kakaa karibu na mlango, kama mimi siku ya kwanza, akaondoka wa mwisho.

Lakini nikusimulie walivyoondoka. Mlangoni Malkia alisimama akanitambulisha, kana kwamba mama yake hajawahi kuniona: "Mama, huyu ni babu yangu. Anaunguza uji, na hajui kuimba. Lakini akikosea, anasema samahani."

Siku ile nilishinda nikicheka peke yangu, nikifuta macho, nikicheka tena. Godoro nimelianika, shuka nimefua. Leo ofisi ya ustawi wameniuliza nitapumzika mpaka lini kabla ya kupokea mtoto mwingine.

Nimewaambia mpaka Jumatatu.

Baba yako