Karatasi Iliyosema Umekufa

Gaithersburg, Maryland
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo na kwa aibu. Mwili wako unaendeleaje? Goti linakuruhusu kufika bombani, au bado mdogo wangu Elia ndiye anayekuchotea maji? Kikohozi cha vumbi kimepungua? Watu huuliza hali kwenye barua kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Mimi leo nauliza kwa sababu ni wiki tatu sijasikia sauti yako, na sina njia nyingine ya kujua.

Sisi huku tuko wazima wa mwili. Samweli ameota meno mawili na ananiuma akinyonya. Neema yuko darasa la pili. Baba Neema bado yuko kwenye ghala la mizigo, na mimi bado nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawaogesha, nawavisha, nawalisha. Wengine wana watoto wanaokaa dakika kumi tu kutoka pale na hawaji kuwaona. Zamani nilikuwa nawasema sana watoto hao. Siku hizi nanyamaza.

Barua hii anakuletea ndugu wa kwaya anayekuja Kigoma kuoa. Nimemwomba akupe mkononi. Mama, wewe unajua kusoma. Isome peke yako.

Mzee Lukas wa kanisa la huko kambini ndiye aliyenipigia akanieleza. Alisema ulikuwa unatoka sokoni na beseni lako la dagaa, ukakuta mikeka imetandikwa mlangoni kwako, jirani yako Mama Sifa anagaagaa chini, na wanakwaya wameshaanza kuimba. Ukauliza, "Nani amekufa?" Watoto wakakimbia. Mama Sifa akakushika mikono yote miwili asikie kama ina joto. Mzee Lukas alisema baadaye watu walicheka, ila wewe hukucheka. Halafu akanipa ujumbe wako neno kwa neno: "Mwambie huyo mtoto kwamba maiti haipokei simu."

Na kweli hujapokea. Basi acha nikueleze jinsi ulivyokufa, maana nilikuwepo.

Huku tuna chama cha akina mama wa Kongo. Tunachanga kila mwezi, tunatembelea waliojifungua, tunapokea familia mpya. Sitakidharau chama hicho. Nilishuka ndege na kandambili miguuni, Mama, na kiongozi wetu, tunamwita Mama Prezidanti, alivua skafu shingoni mwake akamfunga nayo Neema. Koti langu la kwanza ni yeye aliyeninunulia. Kwa hiyo aliponiambia niingie kwenye komite ya feti, ile sherehe ya chama, sikuwa na mdomo wa kukataa.

Feti yenyewe ilikuwa ya kuchangisha pesa za gari la chama, gari la kubeba watu kumi na watano. Huku bila gari wewe ni mfungwa. Mwenzetu mmoja ana mimba ya miezi saba, anapanda mabasi mawili kwenda kliniki, na lile la pili linamshusha ng'ambo ya barabara pana ambayo magari hayamsubiri mtu. Nakwambia haya ujue kwamba shida ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Miezi mitatu tulikutana kila Jumapili kwenye chumba cha chini ya kanisa. Kupanga feti huku si kama kwetu, unachinja mbuzi na kuita watu. Unaomba ukumbi, wanataka karatasi ya bima. Unaomba jiko, wanataka mtu mwenye cheti cha usafi wa chakula, nikaenda kusomea mimi na mtoto mgongoni. Jumapili moja nzima tulibishana kama Wazungu watakula sombe, majani yetu ya muhogo, au wataogopa rangi yake. Hata kadi za mwaliko tulitengeneza mbili. Ya Kiswahili, ya watu wetu, iliandikwa saa nane ili wafike saa kumi. Ya Kiingereza, ya wageni, iliandikwa saa kumi. Tulijiona wajanja sana na hizo kadi mbili.

Kuna Mmarekani mweusi anayetusaidia, Dada Denise. Alisoma Kiswahili chuoni, anakiongea kisafi kuliko sisi, anasema "tafadhali" hata kwa mtoto anayevunja vikombe. Ndiye aliyetuambia, "Akina mama, samahani, watu hawatoi pesa kwa ajili ya gari. Wanatoa kwa ajili ya mtu. Mchagueni mwenzenu mmoja awaeleze wageni maisha yake."

Alipotoka, macho yote yakanigeukia.

"Mama ya Neema," akasema Mama Prezidanti, "weye uko na sura ya huruma. Na kale katoto kadogo. Njo weye."

"Akivaa ile kitambaa ya buluu," mwingine akadakia, "bazungu batalia mbele ya kula!"

Tukacheka. Na mimi nilicheka. Wakaanza kuyapitia maisha yangu kama watu wanaochambua mchele. Vita, weka. Kutembea siku nne, andika sita. Miaka kumi na moja ya ukimbizi kambini, hiyo nzuri. Wakafika kwako.

"Na mama yako?"

"Yuko kambini. Anauza dagaa."

Mama Prezidanti akakunja uso. "Ile itaharibu. Muzungu atakuuliza, kama mama iko hai, juu ya nini ulimwacha kule? Utamujibu namna gani?"

Nikamhamishia Samweli bega la pili.

"Tuandike alikufia njiani," akasema Mama Prezidanti taratibu, kama mtu anayekusaidia kutua mzigo. "Iko ya Kiingereza tu. Batu betu habataisoma."

Nikasema sawa.

Hakuna aliyenishika koo. Naweza kukuambia kwamba nilikuwa nimetoka zamu mbili, kwamba Samweli alikuwa analia, kwamba nilitaka tu kikao kiishe niende nyumbani. Ni kweli, lakini sizo sababu. Sababu ni kwamba mama aliyekufa njiani haulizi kwa nini ulipanda ndege bila yeye. Waliposema umekufa nilijihisi mwepesi, Mama. Naandika hivyo kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Binti wa Mama Prezidanti, anayesoma chuo, akaandika Kiingereza chake. Kadi ya wageni ikatoka na habari hiyo, na picha yangu na Samweli. Dada Denise, ambaye alikuwa ameshatoka tulipokuzika, alinikumbatia akasema, "Pole sana kwa kufiwa na mama yako." Nikamjibu, "Asante."

Neema naye aliikuta kadi juu ya friji. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, koko, yaani bibi yake, alikufa lini, na mbona juzi alimwimbia kwenye simu? Nikamwambia hiyo ni kadi ya watu wakubwa. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto anayemwibia kwenye mchezo.

Kisha mwanachama mmoja, kwa furaha ya kuona picha yangu imetoka vizuri, akaituma kadi kwa nduguye huko kambini. Ile ya Kiingereza. Mwalimu akawasomea watu pale wanapochajia simu. Yaliyofuata unayajua wewe.

Mzee Lukas alinipigia siku nne kabla ya feti. Nilikwenda kwa Mama Prezidanti siku hiyo hiyo, bado nimevaa sare za kazi.

"Mama, wamelia matanga ya mama yangu. Yeye yuko hai anawaangalia."

Akashika kifua. Akanihurumia kweli, akanipangusa hata machozi. Halafu akasema, "Lakini meza za wageni zimeshauzwa, Mama ya Neema. Kadi zimetoka. Tupitishe feti, kiisha tutarekebisha."

"Nani atarekebisha?"

"Weye mwenyewe ulisema sawa. Ao nakosea?"

Hakukosea.

Siku ya feti nilipika tangu asubuhi. Wageni walijaa, wengine walitoka hadi Springfield, upande wa Virginia, wakakaa kwenye foleni ya magari saa nzima na nusu. Wakala sombe mpaka sufuria ikalia. Kisha nikaitwa jukwaani. Niliacha karatasi niliyoandikiwa juu ya meza ya sahani, nikasema kwa Kiingereza changu kibovu: "Mama yangu hajafa. Anaitwa Riziki. Yuko kambini Tanzania, anauza dagaa. Kadi imesema uongo, na mimi nilijua."

Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa ameshatoa leso kwa ajili ya kulia. Akabaki ameishika hewani. Mama Prezidanti akanyakua kipaza sauti, anacheka, anasema nimechoka, nina mtoto mchanga. Lakini watu walikuwa wameshaanza kunong'onezana, na mmoja akauliza kwa sauti: kama hilo ni uongo, na hilo gari je? Dada Denise alinifuata jikoni. "Nilikupa pole," akasema. Basi. Akachukua mkoba wake akaondoka, na hajarudi.

Gari hatukununua.

Sasa kanisani Mama Prezidanti anampakata Samweli, anampa biskuti, ila mimi hanioni. Yule mwenzetu mwenye mimba alinifuata nje akaniambia, "Si ungengoja kesho yake useme? Mama yako angebaki amekufa siku moja zaidi, angepungukiwa nini?" Sikumchukia. Alikuwa anakwenda kusimama kituoni. Ninaowachukia ni sisi wote tuliokaa kwenye viti vile tukaona kwamba wewe, pamoja na goti lako, hutoshi kumhurumisha mtu mpaka ufe.

Nimekosa, Mama. Nimekosa mbele yako na mbele ya majirani zako. Elia achukue sahani kubwa ya dagaa zako ampelekee Mama Sifa kwa niaba yangu, kwa machozi yake. Lakini na mimi nina neno, na utalisikia kwa sababu ni wewe uliyenilea niseme. Usimnyamazie Neema. Yeye hakuandika kadi. Kila Jumamosi anakaa na simu mapajani, na wiki iliyopita ameniuliza kama safari hii umekufa kweli. Nikasirikie mimi, nina mgongo wa kubeba. Mtoto mwimbie.

Na ukitaka kujua kile ambacho Wazungu wangeniuliza, nakujibu hapa kabla hujauliza. Faili letu la kuja Marekani liliitwa na lako likabaki. Hilo ni jibu la ofisini, ni la kweli, na nimejificha nyuma yake miaka yote. Siku ya kuondoka hukuja kwenye basi, ulisema una dagaa wa kuanika. Ningeweza kukimbia hadi kwako, dereva alikuwa bado anaita majina. Sikukimbia. Niliogopa kwamba nikikuona sitapanda, na nilitaka kupanda. Nilikuacha, Mama. Nilikuacha ukiwa hai na nikijua.

Msalimie Elia, mwambie asome, aache kunywa chai ya watu pale wanapochajia simu. Msalimie Mzee Lukas, mshukuru kwamba hakunipunguzia hata neno moja. Baba Neema anakusalimu, anaona haya kukuandikia mwenyewe.

Mimi ni binti yako uliyemzaa,

Furaha, Mama Neema