Viti vya Kapteni Havikauki

Jumatatu, 9 Aprili 1979. Jinja.
Mkono wa pili wa vanishi, yaani tabaka la pili juu ya la kwanza. Viti sita na meza, vyote mvule, vya kukaa nje. Asubuhi nimesugua kwa majani ya mti wa msasa. Msasa wa dukani umekwisha tangu mwaka jana, pamoja na duka lenyewe. Vumbi nimefuta kwa kanga kuukuu. Nimepaka, mvua ikaja. Nimeviingiza barazani peke yangu, nikivishika kwa chini kama mtu aliyebeba mtoto aliyejichafua.

Mkono wa kwanza bado unanata. Nimepaka wa pili juu yake huku nikijua. Kapteni anataka kuona kazi inakwenda.

Musa yuko kambi ya jeshi tangu Jumamosi. Ni yeye, mume wangu, aliyeviunda viti hivi. Kapteni amemchukua awe rehani. Anasema mafundi wa Jinja kila siku wanasema kesho, kwa hiyo atamshikilia fundi mpaka kesho yenyewe ifike. Kuhusu mafundi hakukosea sana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumanne, 10 Aprili.
Kapteni amekuja. Amegusa kiti, kidole kikanata. Akakitazama kidole, halafu akanitazama mimi.

"Wewe mama, hii kiti nakauka lini?"

Nikamweleza. Mvule una mafuta ndani. Lazima ufutwe kwa petroli kabla ya vanishi, la sivyo vanishi inakaa juu kama mgeni asiyekaribishwa. Nikamwomba petroli, hata kikombe.

"Petroli iko ya vita. Kiti si vita."

Askari wake wakacheka. Na mimi nikacheka. Tumezoea kucheka anapocheka mwenye bunduki.

Musa atatoka siku kapteni atakapopokea viti vikiwa vikavu. Amelirudia hilo kwa upole. Upole wake ndio ninaouogopa.

Alhamisi, 12 Aprili.
Wanasema Kampala imechukuliwa. Wanasema kwa kunong'ona, na sokoni kila mtu ghafla amepata shughuli kijijini. Binti yetu Asha nimempeleka kijijini Wanyange kwa mama yangu.

Nimepeleka chakula kambini. Musa sikumwona. Bakuli limerudi limeoshwa. Tangu anioe, Musa hajawahi kuosha bakuli. Ama wamemfundisha adabu, ama aliyekula si yeye.

Jumamosi, 14 Aprili.
Mvua. Unyevu umeingia kwenye vanishi, uso wa meza umekuwa mweupe kama maji ya mchele.

Wazo baya limenijia. Vikikauka, kapteni atavipakia aondoke, na sina hakika atakumbuka kumfungulia mtu mlango. Visipokauka, Musa hatoki. Nimekaa navitazama. Sijui niombe jua au mvua. Nimeswali bila kuomba chochote.

Jumatano, 18 Aprili.
Kapteni hakungoja. Anahamia Mbale, kwa mke wake mdogo, mtaa wa Namakwekwe. Viti na meza vinakwenda, fundi anakwenda, mpakaji anakwenda.

Lori si lake. Ni la Wekesa, dereva Mkenya aliyekwama hapa akitafuta njia ya kurudi kwao Bungoma. Kapteni alimwambia ana bahati, amepata abiria. Wekesa akasema, "Asante, afande," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Musa ameletwa. Amekonda. Vidole vya mkono wa kulia vimevimba, viwili havikunjiki. Nikamwambia, "Pole, baba Asha." Akamtazama askari kwanza, ndipo akanijibu.

Njiani mvua ikaanza. Askari wakavifunika viti kwa mablanketi ya jeshi. Nikapiga kelele kwamba vanishi ni mbichi, msifunike. Mmoja akasema, "Tulia, mama, sasa hazitasikia baridi."

Alhamisi, 19 Aprili. Mbale.
Tumefunua. Mablanketi yametoka, manyoya yamebaki. Viti sita vya mvule vyenye manyoya ya kijivu, kama punda. Kapteni akavizunguka polepole. Wekesa akaninong'oneza, "Mama Asha, viti hivi sasa vitataka nyasi." Niliuma upindo wa kanga nisicheke.

Kapteni hakupiga mtu. Alisema tuvitengeneze upya, naye akirudi atavipokea. Akaacha askari mmoja wa kumlinda Musa. Akaingia kwenye lori, akamwamuru Wekesa aelekee kaskazini. Wekesa aliniinulia kofia. Kwao ni upande mwingine kabisa.

Jumapili, 22 Aprili.
Nakwangua vanishi kwa vipande vya chupa. Chupa ni za kapteni mwenyewe, hatutapungukiwa.

Mke wake anaitwa Safina, msichana wa hapa hapa Mbale, mjamzito aliyekaribia kujifungua. Analeta chai, anarudi ndani. Hakumwuliza kapteni atarudi lini. Nadhani anajua.

Musa angenisaidia lakini vidole havimruhusu. Anakaa ngazini mchana kutwa, mikono magotini. Buti zikipita barabarani anasimama.

Jumanne, 24 Aprili.
Mlinzi amenivuta pembeni. Ana mtungi wa petroli. Anataka kubadilishana na nguo za kiraia. Nilikuwa nimembebea Musa kanzu yake ya Ijumaa, nikaitoa. Hatukubishana. Kanzu ilimfika magotini, na chini yake buti za jeshi, maana viatu vingine hakuwa navyo. Bunduki akaitumbukiza chooni. Akaniambia "Salamu aleko", akaenda zake. Nikamwitikia vizuri. Alihitaji mazoezi.

Nikamwambia Musa, haya, twende. Akasema hajaambiwa aende. Nikamwonyesha lango, liko wazi, hakuna mtu.

"Afande hajapokea viti," akasema.

Nikamsihi. Nikamvuta mkono, ule mzima. Akashika nguzo ya baraza. Nimekasirika leo. Nimemkasirikia yeye, si kapteni.

Ijumaa, 27 Aprili.
Basi viishe. Nimefuta kila ubao kwa petroli mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya kahawia. Vanishi iliyobaki kwenye kopo nimeipunguza kwa petroli hiyo hiyo, mkono wa kwanza mwembamba. Mbao zimeunywa. Viti nimevigeuza miguu juu na kuziloanisha kwa vanishi ncha za miguu, kwa maana maji ya ardhini huingilia hapo. Jua zuri.

Mizinga inasikika mbali. Watu wanapita na magodoro kichwani, wananiona na brashi, wanageuka kunitazama mara ya pili. Sina la kuwaeleza.

Jumapili, 29 Aprili.
Mkono wa mwisho umekauka. Nimebonyeza ukucha, haukuacha alama. Sijawahi kupaka vizuri hivi, na mwenye viti hayupo.

Wanajeshi wale walioichukua Kampala wameingia mjini. Kiswahili chao kimenyooka kama cha redioni. Walipopita, Musa akasimama. Wakamsalimia, "Shikamoo, mzee." Musa hajafika hata arobaini. Aliendelea kusimama hata walipokwisha kupita.

Jumatatu, 30 Aprili.
Nimezungumza na Safina jikoni. Sikuwa na haja ya kueleza mengi.

Akajifunga kitenge vizuri, akatoka barazani, akavuta kiti kimoja mpaka juani. Akakikalia kwa uzito wake wote na wa mtoto. Akapitisha kiganja kwenye mbao, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa kwa haki. Hakuliona.

"Fundi," akasema, "kazi nimeipokea. Nenda nyumbani."

Musa akatazama barabarani. "Afande amesema?"

"Amesema."

Safina hajui kapteni alipo. Hata kama yu hai hajui. Alisema bila kupepesa, na nilipomshukuru kwa macho akageuka.

Musa akashuka ngazi. Alifunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto, ikachukua muda mrefu, sikumsaidia. Tukatoka langoni.

Tulipokwisha kuiacha Namakwekwe nyuma, akasimama kando ya njia, akaniomba ruhusa ya kwenda kukojoa.

Nikampa. Nikageuka upande mwingine, nikamngoja.