Kibali cha Mtu Mmoja

Dada yangu mpenzi,

Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaisoma nikiwa bado sijavua ovaroli. Nimefurahi kusikia mgongo wako umetulia na watoto wamefaulu. Mimi mwili hauna neno, ila chumba kimekuwa baridi tangu kitanda cha pili kibaki kitupu.

Unaniuliza shemeji alipatwa na nini huku. Unasema tangu arudi anakaa tu. Pasi imeharibika na hataki hata kuifungua, na jirani akimletea redio anamwambia ampelekee fundi. Yeye huyo, aliyenifundisha kazi ya lifti nikiwa sijui hata kushika bisibisi! Ngoja nikueleze.

Kampuni ilinyang'anywa jengo moja kati ya mawili tuliyokuwa tukiyahudumia. Bosi akatuita, akasema mwaka huu atamwombea kibali cha kazi mtu mmoja tu. Atakayeshinda mtihani wa ufundi abaki; mwenzake ana siku kumi na nne awe ameondoka nchini. Stashahada zetu wala hakuzitazama. Tulipotoka, shemeji akaniambia nisiwe na hofu, akishinda yeye atanitafutia mwajiri mwingine kabla siku hazijaisha. Alikuwa na hakika ya kushinda. Nami nilikuwa na hakika hiyo hiyo.

Asubuhi ya mtihani miwani yake haikuonekana. Tulipekua chumba kizima, mimi nikachungulia hata chini ya godoro. Muda ukatubana, akaenda hivyo hivyo. Mtahini alipomtandikia mchoro wa nyaya, shemeji aliusogeza karibu, akausogeza mbali, mwisho akabahatisha. Akaunganisha nyaya mbili zisizopatana, fyuzi ikalipuka. Mtahini akamwambia mbele ya wote, "Mzee, lifti yako itawafikisha watu ahera." Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, dada, kidogo.

Hakuisingizia miwani. Alisema fundi wa kweli angeifanya kazi ile hata gizani, basi ufundi umeshamtoka. Siku ya safari aliniachia sanduku lake la vifaa, akasema afadhali kibali kimebaki ndani ya familia.

Sasa nikwambie. Miwani aliiweka kando ya sinki akinawa uso, nami nikaitia mfukoni. Muda wote tulipokuwa tukipekua ilikuwa pajani pangu, ikinichoma kila nilipoinama. Shemeji hajazeeka, wala ufundi haujamtoka. Ni mimi.

Ningependa kukuomba radhi na kuishia hapo, lakini lipo jambo. Ofisi ya vibali inataka uthibitisho wa fundi aliyenifunza, na aliyenifunza ni yeye peke yake. Bila saini yake, mwisho wa mwezi nami nafukuzwa. Unajua vizuri kwamba sasa mkono unaowalisha ni huu wangu.

Fomu nimeikunja ndani ya bahasha hii. Mahali pa kusaini nimepawekea alama kubwa, aone bila shida. Mpe aisaini kwanza, dada, ndipo umsomee barua.

Watoto wapate salamu zangu zote. Waambie mjomba anawakumbuka.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja