Utepe Usio na Namba

Manassas, Virginia

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umeshaanua nguo na umekaa na chai yako, maana najua husomi kitu ukiwa na kazi mkononi. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanivalisha soksi mbili mbili, na Bi Loretta ananicheka.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Kuna kitu ndani ya bahasha ambacho simu haiwezi kukibeba. Usikitoe kwanza, soma.

Bi Loretta ndiye mwenye karakana ninayofanyia kazi. Ni mama wa Kimarekani mweusi, rika la mama mkubwa, alisoma Kiswahili chuoni ujanani na mpaka leo anakiongea kama msoma taarifa ya habari. Hapa karibu na kituo cha treni tunashona kilti, zile sketi za kiume za Waskoti, za sufu nzito ya mirabaraba, mbele bapa na nyuma marinda matupu. Usicheke. Rinda moja likikosewa kidogo tu, mistari yote haikutani, na Bi Loretta analiona akiwa mlangoni. Kilti yangu ya kwanza aliifumua mara tatu huku ananiambia, "Pole sana, ndugu yangu," na mkasi haujatua. Nilimchukia wiki nzima. Siku hizi nikishika kazi ya mkono wake naigeuza nje ndani nitafute kosa, na sijalipata bado.

Mwezi uliopita aliingia bwana mmoja anayefanya kazi kwenye yale majengo ya kompyuta kule Sterling. Mtu mkubwa, mrefu na mnene. Kabla hata ya salamu akasema binti yake anaolewa, naye anataka kumsindikiza amevaa kilti kama alivyovaa babu yake, na tumwambie mapema nyongeza ya bei kwa saizi yake ni kiasi gani, maana duka alilotoka walishamtajia. Alisema harakaharaka, kama mtu anayetaka jino ling'olewe yaishe.

Bi Loretta alikuwa kwenye simu. Nikachukua futi ya kupimia, nikamzungushia kiunoni, na kama tulivyozoea pale barazani kwetu, nikamtajia Njeri namba aandike. Njeri ni Mkenya, mpiga pasi wetu, na alikuwa upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo nilipaza sauti. Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitambaa wakageuka kutazama.

Yule bwana akacheka. Akajipiga tumbo kofi, akajitania, halafu akaanza kutafuta koti lake. Dada, kicheko kile nakijua. Ni chako.

Njeri akaninong'oneza, "Aki Zuhura, si ungekuja tu uniambie pole pole? Ona sasa, customer anaenda!"

Bi Loretta akakata simu. Hakunifokea. Alimwomba bwana asubiri kidogo, akatoa kwenye droo utepe mweupe wa kawaida, hauna namba wala alama yoyote. Akamzungushia kiunoni, akatia pini pale ulipokutana. Nyongani, pini nyingine. Muda wote anamuuliza habari za binti na za mkwe mtarajiwa. Kisha akaupeleka utepe kwenye meza ya kukatia, nyuma ya pazia, na huko ndiko alikoupima na kuandika mwenyewe. Mwenye mwili hakuisikia namba yake, wala sisi.

Bwana akauliza tena nyongeza. Bi Loretta akamwonyesha kibao cha bei ukutani. Bei ni moja. Yule baba aliisoma, akamtazama, akaisoma tena.

Alipoondoka nikabisha, unanijua. "Bi Loretta, huyu anakula yadi kumi, mwenzake nane. Marinda zaidi, siku nzima zaidi ya kushona kwa mkono. Nani analipia?"

"Wote," akasema. "Yule mwembamba wa juzi alilipa bei hiyohiyo, nawe hukuniomba nimrudishie chochote."

"Na wakija wakubwa watupu mwezi mzima?"

"Mwezi huo ninakula maharage. Ninayapenda maharage." Akakunja utepe wake. Halafu akasema, "Baba yangu alikuwa mtu mkubwa, Zuhura. Alikubali kupimwa suti mara moja tu maishani. Tulimzika nayo."

 Nilirudi kwenye cherehani na nikakaa naikumbuka harusi ya mdogo wetu Salma. Sare za kitenge, kila mwanamke mchango uleule. Fundi mimi. Nikakupima barazani mbele ya mashoga zako wote na nikasema, kwa sauti ya fundi, "Dada, wewe kitambaa hakikutoshi, itabidi uongeze hela." Ukacheka, ukajitania, watu wakacheka na wewe. Siku ya harusi ulikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, ndani ya baibui, na sisi tukasema Mwanahawa anapenda kazi. Hakuna picha hata moja uliyomo. Mimi nilijua sababu siku ileile, dada. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na sare za watu za kumaliza, na kwa kuwa niliona haya.

Sasa mwanao Rehema ameniambia kwamba harusi yake pia umekataa sare, unasema jikoni ndiyo raha yako. Mama wa bibi harusi! Analia mtoto, hajakwambia tu.

Yule bwana alikuja kuchukua kilti yake Jumamosi. Aligeuka mbele ya kioo, marinda yakafunguka na kujifunga yenyewe, mstari juu ya mstari. Njeri akapiga makofi, "Wueh! Imekukalia poa! Zunguka tena!" Na akazunguka, dada, mara nne.

Sasa toa kilichomo. Utepe hauna namba. Jifungie chumbani peke yako. Nimekuwekea nyuzi tatu: nyekundu ya kifua, kijani ya kiuno, nyeusi ya nyonga. Funga uzi pale utepe unapokutana, kisha mpe Rehema anitumie kwa posta. Kitambaa cha sare alishaniletea kwa mkono wa msafiri, na nilimwagiza kikubwa. Mchango wako ni uleule wa wenzako. Ukiongeza hata shilingi, naurudisha.

Nisalimie shemeji na redio yake, mama mkubwa aliyetulea, Salma na wanawe, na yule jirani muuza maandazi anayenidai hadithi za Marekani. Wapishi wa harusi waambie watafute mtu mwingine wa masufuria.

Nisamehe, dada. Siku ya picha simama katikati.

Mdogo wako na fundi wako,
Zuhura