Gauni Pana Limeanza Kubana

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima. Paa la jikoni limezibwa, na shemeji yako bado anakoroma kama trekta. Cherehani yangu haina shida; ni mimi ninayechoka mapema.

Usicheke, dada. Nina mimba. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nasubiri wajukuu! Mkunga anasema mtoto yuko salama, lakini tangu tumzike yule wa mwisho, nimekuwa kama aliyeumwa na nyoka: hata ung'ongo unanishtua. Mgongo ukiuma kidogo tu, moyo unaniruka. Nikawa navaa magauni mapana ili hata binti yangu asijue.

Jana akanikuta dukani nalia juu ya kitambaa cha mteja.

"Mama, kwani unaumwa?"

Nikamwambia yote. Akachukua futi, akanipima tumbo.

"Hata hili pana limeanza kukubana," akasema. "Nitakushonea jingine. Na kliniki tutakwenda wote."

Hofu haijaisha, dada, nisikudanganye. Lakini nimelala usingizi mzito, na asubuhi hii, kwa mara ya kwanza, nimethubutu kumsalimia huyu aliyemo tumboni.

Ukipata nafasi, njoo.

Mdogo wako