Picha za Harusi Zilizokatika

Mpendae, Jumapili

Dada Kidawa, binti wa ami yangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama kahamia Chukwani, na anauliza kama Bwejuu mnapata maji.

Unaikumbuka ile harusi tuliyoirusha moja kwa moja mtandaoni, picha ikakatikakatika, shangazi zake bibi harusi walioko Maskati wasimwone? Nilimwambia tajiri wetu, Bi Ummkulthum, kuwa kosa ni la kamera yako, naye akakuachisha kazi.

Baadaye nikatafuta programu ya kuchunguza video zilizobanwa, yaani zilizopunguzwa ukubwa ili zipite mtandaoni. Nyingi bei zake hazishikiki, mpaka nikapata moja rahisi. Nikaichunguzia rekodi ya siku ile. Picha zako zilifika safi kwenye kompyuta niliyoishika mimi. Mimi ndiye niliyezibana kupita kiasi, nikiogopa bando la intaneti lisije likaisha.

Hayo niliyajua wiki ile ile, Kidawa. Nimenyamaza miezi minne.

Leo nimemweleza Bi Ummkulthum. Akaniuliza, "Kidawa mwenyewe ushamwambia?" Nikamwambia bado. Akasema, "Mwandikie. Nataka arudi."

Ukirudi, kompyuta utaishika wewe, mimi nitabeba kamera. Na kama hutaki kuniona pale, sema tu, nitaondoka kabla hujafika.

Nduguyo mwenye haya,
Wakil